Uzi wa Siku ya Themanini

Askale alikuwa mwanamke wa kuonja asali kabla ya kuilipia, na akishaionja huchovya njiti ya kiberiti ndani yake na kuiwasha, aone kama itawaka au itatatarika kwa maji waliyoichanganyia. Wauza siagi wa mtaani walimfahamu. Walipomwona anakuja, mtandio mweupe umefungwa kiunoni, waliambiana, "Haya jamani, hakimu huyo." Hakuchukia. Aliona ni sifa.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa mlezi katika makao ya watoto yatima, kwenye mtaa wa mlimani magharibi mwa Addis Ababa. Zilikuwa siku zile wageni walipokuwa wakija kwa ndege kuasili watoto, kabla serikali haijaufunga mlango huo. Makao yalikuwa na watoto kumi na tisa, walezi wanne na mpishi mmoja. Askale ndiye aliyeshika funguo za kabati la nguo na ndiye aliyewapokea watoto wapya, kwa sababu alikuwa mkubwa kwa umri, na kwa sababu hakuna mwingine aliyependa kuzozana naye.

Mtoto wa kitanda cha saba aliletwa asubuhi moja ya mvua na askari wa kike, amezongwa ndani ya koti la mtu mzima. Kadi yake ilisema ameokotwa langoni mwa kituo cha polisi, umri mwezi mmoja hivi, wazazi hawajulikani. Askale alimvua nguo amwogeshe. Mara moja aliona kwamba mtoto anaishika shingo yake imara na kumkazia mtu macho kama shahidi. Mtoto wa mwezi mmoja hafanyi hivyo. Kisha, chini ya kidevu, akaukuta uzi.

Ulikuwa uzi mweusi wa pamba, uliosokotwa kwa mkono, wenye mafundo matatu. Mtoto wa Kikristo huvikwa uzi kama huo siku ya ubatizo. Wa kiume hubatizwa siku ya arobaini, wa kike siku ya themanini, wala hapelekwi mapema. Na huyu alikuwa wa kike. Basi kuna mtu aliyemhesabia siku themanini. Kuna mtu aliyemwamsha alfajiri, akambeba mpaka kanisani, akasimama naye pamoja na mama wa ubatizo, akamsikia padri akimpa jina lile la siri ambalo haliitwi sokoni. Nani afanye yote hayo kwa mtoto aliyetupwa wa mwezi mmoja?

Alikwenda na kadi ofisini kwa Ato Girmachew, yaani Bwana Girmachew, mkurugenzi wa makao, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi na macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Ato Girmachew, kadi hii inasema uongo."

"Kadi haisemi, Askale. Kadi imeandikwa."

"Basi aliyeiandika kasema uongo. Mtoto amebatizwa. Ana miezi minne huyu."

"Polisi si wakunga."

"Wakikosea umri, wanaweza kukosea na mengine."

"Uzi unauzwa sokoni, santimu hamsini tu. Yeyote anaweza kumfunga mtoto uzi." Alifungua droo, akatoa mkasi. "Na wakaguzi wamekataza vitu vya shingoni. Mtoto atajinyonga, halafu mje mnililie mimi."

Akaukata. Kwenye kadi, juu ya mstari wa jina, aliandika Bezawit, jina zuri tu, kisha akarudi kwenye simu yake. Askale aliuokota uzi mezani, akaufunga kwenye pindo la mtandio wake, akatoka. Tangu siku ile aliitazama kadi ya kitanda cha saba kama atazamavyo siagi ya mtu asiyemjua.

Hakuzaliwa akishuku. Alizaliwa upande wa Debre Birhan, kwenye nchi ya baridi na kondoo, na alipokuwa na miaka mitatu mama yake alimtoa akalelewe na Weizero Tiruwork, yaani Bibi Tiruwork, jirani mwenye mashamba lakini asiye na mtoto. Hakutolewa kimyakimya. Padri alikuwepo, majirani walikuwepo, na aliyeshika bakuli la asali alikuwa mama yake mwenyewe. Tiruwork alichovya kidole gumba, Askale akakinyonya mbele ya wote, akawa mtoto wa titi, yaani mtoto wa kuasiliwa kwa desturi. Kuanzia hapo alikuwa na mama wawili, na hakuna aliyewahi kumwambia achague. Kila mwaka baada ya mavuno, mama mzazi alikuja na jibini iliyofungwa kwa majani, akakaa kando ya moto, akamkagua masikio kama yameoshwa.

Askale alipokuwa na miaka tisa, mama hakuja. Aliambiwa anaumwa. Halafu aliambiwa amesafiri. Halafu wakasema mvua imekata barabara. Ulipita mwaka na nusu ndipo binamu mmoja, wakigombania zamu ya kuteka maji, akamtupia: "Wewe unajidai nini, na mama yako amekufa tangu juzi na juzi yake?" Walimficha kwa huruma. Tiruwork alilia na kumwomba radhi, na Askale akamsamehe, maana alimpenda. Lakini hakumwamini tena mtu yeyote anayesema barabara imekatika, mpaka aende mwenyewe akaione.

Wiki mbili baada ya mtoto wa kitanda cha saba kuletwa, makao yalipata mpishi mpya. Jina lake Debritu, msichana wa miaka ishirini na mitatu au minne, mwenye kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Alipika shiro, mchuzi wa unga wa dengu, iliyowafanya walezi walambe vidole, na alikuwa na neno la kumtania kila mtu, hata Ato Girmachew. Askale alimshuku siku ya kwanza. Mtu mwenye mikono kama ile angepata kazi hotelini. Kwa nini aje kwenye makao yenye sufuria mbili?

Kisha ikaanza habari ya chupa. Saa sita mchana watoto wachanga walipewa chupa za maziwa, na wakishatulia, walezi walitoka uani kula. Debritu aliwapakulia, halafu akaingia ndani kuokota chupa tupu akazioshe. Chupa ya kitanda cha saba ilirudi jikoni imejaa, siku baada ya siku. Askale alianza kuitia alama kwa kalamu. Haikupungua hata kidole. Mtoto anakataa chupa ya mchana, na mtoto ananenepa, mashavu yamejaa kama mandazi. Hesabu hiyo haikumwingia akilini.

Jumatano moja, siku ya mfungo, alimkuta Debritu nyuma ya jiko na kikombe mkononi na alama nyeupe juu ya mdomo.

"Debritu! Leo Jumatano."

"Mama yangu! Ni Jumatano? Mimi nilidhani Jumanne imechelewa kuondoka."

"Unavunja mfungo? Kwa maziwa ya watoto?"

"Nimenunua mwenyewe, Eteye. Muulize ng'ombe." Alimwita Eteye, kama walivyomwita wote makaoni, kwa kuwa ndiye dada mkubwa.

Askale alikitwaa kikombe akakinusa. Yalikuwa ya ng'ombe kweli, si ya unga. Kwenye rafu, nyuma ya chumvi, akaona kopo la uwatu ulioloweshwa.

"Na huu uwatu?"

"Tumbo langu, Eteye. Lina kelele kama mkutano wa kijiji."

Askale alilirudisha kopo rafuni. Kesho yake alinunua kufuli, akalitia kwenye sanduku la maziwa ya unga, ufunguo akautia shingoni.

"Hata benki hawana kufuli kama hilo," Debritu alisema alipoliona. "Sasa mwizi akija itabidi aanze kwa kukuoa wewe."

Walezi wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Askale peke yake hakucheka.

Wageni walikuja Jumatatu, mtoto alipokuwa na miezi tisa. Walikuwa Wahispania, mke na mume, Nuria na Pau, na kesi yao ilikuwa mahakamani Ijumaa. Hakimu akishaidhinisha, mtoto angekuwa wao, na kadi ile ingekuwa kweli milele: hana baba, hana mama, hana mtu. Askale aliijua tarehe hiyo kama mtu anavyojua siku ya kung'olewa jino.

Asubuhi ile sakafu ilitandazwa majani mabichi, ubani ukachomwa, watoto wakavikwa nguo ambazo kwa kawaida zilikaa kabatini. Debritu aliketi mbele ya birika la udongo akikaanga kahawa, bisi ziko kwenye ungo.

"Wakishaonja kahawa hii," alisema, "wataniasili mimi. Na sufuria zangu."

"Nani akutake wewe na kelele zako?" mlezi mmoja akamjibu.

"Nitanyamaza mpaka ndege iruke."

Lakini gari lilipopiga honi langoni, Debritu alimpa mwenzake birika, akasema amesahau mchuzi motoni, akaingia jikoni. Askale aliliona hilo. Mchuzi ulikuwa bado haujabandikwa.

Nuria alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi ambazo hakuzipaka rangi. Pau alikuwa mrefu, na alipiga picha kila kitu, hata mlango. Walikuja na mkalimani wao, Hirut, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye sauti ndogo kama anaazima maneno. Askale aliwatazama mikono. Wanunuzi hujulikana kwa mikono. Nuria alinawa kwanza, akauliza kwa ishara kama anaruhusiwa, akampokea mtoto, akamnusa utosini. Askale akasema moyoni: ananusa kama mimi sokoni.

Mtoto alimtazama Nuria, akashika hereni yake, akaguna. Kisha akajiegemeza kifuani, na bila haraka, kama mtu anayeingia kwao, mkono wake mdogo ukateleza ndani ya ukosi wa blauzi ya Nuria, ukapapasa, ukatulia, na kinywa kikageukia upande wa pili kikitafuta.

Pau alicheka, akapiga picha. Nuria hakucheka. Aliutoa ule mkono taratibu, akauangalia kana kwamba umeandikwa kitu. Halafu akainua uso, akamtazama Askale moja kwa moja. Ndivyo Askale mwenyewe alivyokuwa akiwatazama watu waliomuuzia asali yenye sukari.

"Anakushuku," walezi walimtania baadaye. "Eteye, leo umempata mwenzako!"

Askale hakulala vizuri. Kushuku ni kazi yake. Kushukiwa hakukuzoea.

Jumatano Pau alikwenda na Ato Girmachew kutafuta mihuri. Nuria alikuja makaoni na Hirut, akaomba akae ndani kutwa nzima. Alikaa kwenye kiti cha chini, kando ya kitanda cha saba. Saa sita chupa zikaletwa. Walezi walitoka kwenda kula, na Nuria hakutoka. Askale naye hakutoka, maana asingemwacha mgeni peke yake na watoto, hata kama ni mgeni mwenye muhuri.

Mtoto aliikataa chupa. Askale alijaribu, akaitema. Nuria alijaribu, akaipiga kofi. Akaanza kulia, kile kilio cha mtu anayedai haki yake kwa jina. Kule jikoni kitu cha bati kikaanguka sakafuni kwa kishindo, kisha kimya.

Nuria alisema neno na Hirut akaona haya.

"Eteye, niwie radhi. Si mimi, ni yeye anauliza. Anauliza kama... kama wewe ndiye mama wa mtoto huyu."

Askale aliachia kicheko kikavu. "Mwambie nina miaka hamsini na mbili. Mwambie tumbo langu lilifunga duka zamani."

Hirut alitafsiri. Nuria alitikisa kichwa bila kutabasamu.

"Anasema kama si wewe, basi ni nani? Anasema mtoto huyu ananyonya. Siyo zamani. Jana, juzi."

"Ananyonya chupa."

"Anasema mtoto wa chupa haingizi mkono kifuani kwa mtu namna ile. Yeye ni mkunga, Eteye. Miaka ishirini na sita. Anasema watu wanaweza kumdanganya kwa karatasi, lakini mtoto hawezi kumdanganya."

Askale alimtazama mgeni kwa mara ya kwanza bila kumtazama mikono. Halafu, akijua kwamba anaiweka kazi yake mezani, akafungua fundo la mtandio, akautoa uzi, akauweka juu ya goti la Nuria. Alimwambia Hirut kila kitu polepole: siku themanini, kadi ya mwezi mmoja, mkasi. Nuria alihesabu kwa vidole, akahesabu tena. Mtoto alikuwa bado analia.

"Anauliza," Hirut alisema, "kila siku saa hii ni nani huingia humu?"

"Hakuna mtu. Tunakula wote uani. Ni Debritu tu anayekuja kuokota..."

Askale hakumaliza. Zile chupa zilizojaa zikampita akilini zote kwa mstari. Likampita kopo la uwatu, ambao hata bibi yake aliwapa wanawake waliojifungua ili maziwa yashuke. Kikapita kikombe cha Jumatano: mwanamke anayenyonyesha husamehewa mfungo, na hata padri hamwulizi. Kwa miezi mitano alikuwa ameushika ukweli kwa mkia akidhani ni wizi.

Jikoni, Debritu alikuwa amempa mgongo mlango, anakata vitunguu. Sufuria ilikuwa bado sakafuni.

"Kitunguu hiki kina hasira leo," alisema bila kugeuka.

"Debritu. Mbona hujaenda kuokota chupa?"

Kisu kilisimama. "Yule mgeni yuko mle ndani."

"Geuka."

Debritu aligeuka. Mbele ya gauni lake palikuwa pamelowa, maduara mawili meusi, na alikuwa amejibana kwa mtandio asionekane. Askale alivuta kigoda akaketi.

"Nilikuwa nafunga maziwa kwa kufuli," alisema, "kumbe mwizi anayo yake."

Debritu alicheka, na ndani ya kicheko kilekile akaanza kulia. Alisimulia huku anafuta pua kwa mkono wenye kitunguu. Alikuwa mtumishi wa ndani kwenye nyumba ya watu. Mwanamume alikuwa fundi wa vigae, alikwenda Sudan na simu yake ikaenda naye. Bibi mwenye nyumba alimvumilia mpaka ubatizo, akasema baada ya hapo achague, mtoto au kazi. Alilala wiki kadhaa kwenye varanda za watu. Asubuhi ile ya mvua alimweka mtoto penye lango la polisi, akajificha nyuma ya kibanda cha sigara mpaka akaona ameokotwa. Uzi aliuacha shingoni ili wajue si kitu kilichodondoka. Kisha akauliza huku na huku watoto hupelekwa wapi, akaja kuomba kazi.

"Nilidhani nitakaa naye hapahapa mpaka nipate chumba. Kumbe ana foleni."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa ningenyamaza. Kule kuna daktari, kuna shule. Nilitaka nimshibishe tu mpaka gari lije."

"Na akikua akiuliza?"

"Ataambiwa sikuwepo."

"Mimi niliambiwa barabara imekatika," Askale alisema. "Sikiliza, mdogo wangu. Kama unamtoa, mtoe mchana, watu wakiona, na wewe ushike bakuli. Kama humtoi, mchukue. Lakini hutampoteza ukiwa umejificha nyuma ya sufuria."

"Nitafungwa, Eteye."

"Labda." Askale hakuwa mtu wa kudanganya kwa huruma. "Nenda. Analia."

Debritu alinawa mikono mara tatu kuondoa kitunguu. Aliingia kule chumbani akitazama sakafu, akamtoa mtoto mikononi mwa Nuria bila kuomba, akaketi kwenye majani yaliyokauka ya Jumatatu, akamnyonyesha. Kilio kilikatika kama redio iliyozimwa. Mkono mdogo ukaenda upande wa pili, mahali pake.

Nuria alitazama kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Hirut neno.

"Anasema," Hirut alitafsiri, akifuta macho, "kumbe ndiyo maana ni mnene."

Kisha Nuria alitoka, akaketi kwenye jiwe la kufulia nguo, akawapa wote mgongo.

Ndivyo Ato Girmachew na Pau walivyowakuta, karatasi zenye mihuri bado mkononi. Ato Girmachew aliegemea ukuta. Pau ndiye aliyepaza sauti, na Hirut alitafsiri kwa kuruka maneno mengine: huu ni mchezo, mara zote ndivyo inavyokuwa, leo anatokea mama, kesho baba, keshokutwa shangazi, na kila mmoja na mkono wake mbele. Nani atathibitisha?

Wote walidhani Askale atamrukia. Yeye alimtazama yule mwanamume kwa heshima mpya.

"Huyu ana akili," alisema. Akamgeukia Debritu. "Maziwa si ushahidi. Mwanamke anaweza kuzaa kule akanyonyesha huku. Jina lake la ubatizo ni nani?"

"Eteye! Hata wewe?"

"Hasa mimi."

"Haliitwi mbele ya watu."

"Ndiyo maana nina sikio."

Debritu alimnong'oneza. Askale hakuonyesha kitu usoni.

"Na mama yake wa ubatizo?"

"Weizero Yeshareg. Anauza mishumaa kwenye lango la kanisa la Mariamu, kule bondeni."

"Mtu asitoke hapa," Askale alimwambia mkurugenzi wake, kana kwamba yeye ndiye mwajiri, "na huyu msichana asishike simu mpaka nirudi."

Alikwenda kwa miguu, maana kwa miguu mtu hupata kufikiri. Kama msichana amedanganya, Ijumaa ingekuja na kupita, na makosa yangekuwa yake yeye Askale aliyewavunjia wageni moyo bure. Kama hakudanganya, zilibaki siku mbili. Penye lango la kanisa aliwakuta wauza mishumaa watano. Hakuuliza jina la yeyote. Alishika ule uzi mkononi, akapita mbele yao taratibu kama mtu anayechagua mshumaa.

Wa nne, bibi mwenye jino moja la mbele, alimkamata kifundo cha mkono.

"Umeutoa wapi huo?"

"Kwani ni wako?"

"Mafundo hayo ni yangu. La mwisho huwa nalifunga kinyume. Mtoto yuko wapi?"

"Jina lake nani?"

"Wewe ni nani unayeuliza jina?"

"Jina kwanza."

"Wewe kwanza! Unakuja na uzi wa mtoto wangu mkononi, umekatwa, halafu mimi ndiye nijieleze?"

Walitazamana. Askale alihisi anajitazama kwenye maji. Wauza mishumaa wengine walisogea, mmoja akasema aitwe shemasi, mwingine akasema aitwe polisi.

"Basi tuseme pamoja," Askale alisema mwishowe. "Sikio kwa sikio."

Waliinamiana, shavu kwa shavu, kila mmoja amemshika mwenzake mkono asikimbie, na wakasema kwa pumzi moja. Lilikuwa jina lilelile.

Yeshareg hakuuliza tena. Alizifunga bidhaa zake kwenye nguo, akazitupia kichwani. "Twende," alisema. "Na ukinipeleka siko, nitakung'ata na jino hilihili."

Ijumaa Ato Girmachew alikwenda mahakamani na faili, na badala ya wageni walikwenda Debritu, Yeshareg na padri aliyembatiza mtoto. Hakimu aliwasikiliza, akaliahirisha ombi la wageni, kisha wenyewe wakaliondoa. Polisi walimweka Debritu usiku mmoja, wakamwachia kwa dhamana ya Yeshareg, ambaye alikuwa na chumba kimoja na alisema watatosha, kwa kuwa mtoto halali na miguu mirefu. Ato Girmachew alisema anazipitia kadi zote upya. Askale aliamini nusu, akaanza kuzipitia mwenyewe, kitanda kwa kitanda, akiandika kwenye daftari.

Nuria alikuja kuaga Jumamosi. Mikononi alikuwa na kofia ndogo ya manjano, ya kufuma, akampa Askale na kumwomba kwa ishara ampelekee mtoto. Askale aliigeuza nje ndani, akaukagua mshono, akauvuta uzi wa mwisho kama utafumuka. Haukufumuka. Akamshika Nuria mabega, wakasalimiana bega kwa bega, mara tatu, bila mkalimani.

Aliipeleka kofia Jumapili. Mtoto alikuwa kwenye mkeka, uzi mpya shingoni, mafundo matatu, la mwisho kinyume. Debritu alikuwa anakaanga kolo, punje za shayiri, za kuuza, na alipomwona Askale mlangoni alipaza sauti:

"Karibu, Eteye! Leo umekuja kunipima na njiti ya kiberiti?"

"Jina lake la ubatizo ni nani?" Askale akauliza, kabla hajavua viatu.

Debritu alicheka mpaka akakaa chini, akamnong'oneza tena. Ndipo Askale akaingia.

Makaoni, kufuli halikutoka kwenye sanduku la maziwa. Mpishi mpya alikuwa anaanza Jumatatu.